Adabu za Nyumbani: Salamu Kabla ya Shida



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya watu ambao kila nyumba yawahitaji na nyumba chache zawakumbuka: karani aliye nyuma ya dirisha la benki, wakala wa fedha za simu katika kibanda chake, mpima korosho penye mizani, mkata tikiti kivukoni, mhudumu wa mkahawani na kondakta wa basi. Hao watuhudumia mchana kutwa. Je, sisi twawatendea kama dini yetu ilivyotufunza?

Hatuanzi kwa kuwalaumu wengine. Twaanza kwa kujilaumu wenyewe. Msimu wa korosho uliopita tulikwenda katika dirisha moja la kulipia, mjini Mtwara, kuzitazama fedha za mikorosho yetu michache. Tulikuwa tumefuatana na mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi, atusaidie kubeba mzigo. Jua lilikuwa kali na mstari ulikuwa mrefu. Tulipofika mbele, kijana aliyeketi pale akatuambia kwa upole kwamba fedha bado hazijaingia. Nasi, badala ya kumshukuru, tukamwambia mbele ya watu wote: "Wewe hujui kazi, umewekwa hapo bure!" Kijana akainamisha kichwa, akamwita aliye nyuma yetu.

Kesho yake jioni, chuoni, mtoto mdogo aliyewekwa zamu ya kuwamiminia wenzake maji ya udhu alichelewa kidogo. Mara tukasikia sauti ikimkemea: "Wewe hujui kazi, umewekwa hapo bure!" Aliyesema alikuwa ni yule mwanafunzi tuliyekwenda naye mjini. Tulipomwuliza maneno yale ameyapata wapi, akatutazama kwa mshangao, akajibu: "Kwako, Maalim."

Wallahi, usiku ule hatukulala vizuri. Miaka mingi twawafundisha watoto adabu kwa ulimi, na kwa kitambo kidogo dirishani tumewafundisha kinyume chake kwa kitendo. Asubuhi tukarudi mjini kumwomba radhi yule kijana. Akasimama, akatuamkia shikamoo, akasema amekwisha kusamehe. Kisha akatuambia kwamba mama yake naye ni mkulima wa korosho huko Kitangari, na fedha zake zilikuwa hazijaingia vilevile.

Hebu tutazame sasa fedha hizo hupita njia gani. Tangu mwaka 2007, ulipoanza mpango wa stakabadhi ghalani katika mkoa wetu, mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa, zikapelekwa ghala kuu, zikauzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Mnunuzi hulipa, makato hukatwa, ndipo fedha zikafika katika hesabu ya mkulima. Penye kila hatua hizo yawezekana kuwa na kuchelewa. Lakini mkulima hamwoni mnunuzi, wala haoni mnada. Anayemwona ni karani wa chama na karani wa benki, basi hasira yote humwangukia huyo.

Msimu wa mwaka 2018 utatusaidia kulifahamu jambo hili. Bei za wanunuzi zilikataliwa, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaletwa kuzikusanya. Wako wakulima waliongoja fedha zao hata mwaka 2019 ukaingia. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mtoto asiyelipiwa ada haelewi habari za mnada. Lakini nani katika wale waliokaa madirishani aliyepanga bei ile, au aliyeichelewesha fedha?

Sisi watu wa pwani ya Ruvuma tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Msafiri akifika Kilambo kuvuka kwenda Msumbiji, akakuta maji yamepungua na fungu la mchanga limejitokeza, humtukana nahodha kwa kuwa chombo hakiendi? Ajua kwamba nahodha hatawali kupwa wala kujaa. Basi na karani vilevile: hatawali mtandao, wala bei, wala hazina. Naye yumo katika chombo hicho hicho, anangoja maji pamoja nasi.

Dini yetu imekwisha kulitengeneza jambo hili tangu mwanzo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayekwenda kwa miguu amsalimu aliyekaa. Wanavyuoni wakaeleza kwamba anayemjia mwenziwe ndiye aanzaye salamu, akiwa mkubwa au mdogo. Lipime hilo dirishani, ewe msomaji. Ni nani aliyekaa? Ni karani. Ni nani aliyemjia? Ni sisi. Kwa hiyo salamu ni juu yetu kuianza, hata kama tuna mvi na yeye ni mtoto wa jana. Lakini wengi wetu hufika tukatupa kitambulisho juu ya meza, tukataja shida yetu, na macho yetu yako katika simu.

Tena Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume kwa miaka kumi, tangu utotoni mwake, naye alisimulia kwamba katika muda huo wote hakuambiwa hata neno dogo la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Na mtoto wa miaka kumi hawezi kukosa kukosea! Huo ndio mwendo wa mbora wa viumbe kwa aliyemhudumia.

Yamkini mtu atasema: "Je, tukidhulumiwa tunyamaze?" La, hatusemi hivyo. Bwana mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kudai deni lake kwa maneno makali, masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki yake ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Basi kudai haki si kosa. Mizani ikipunja, sema. Ukitozwa zaidi ya nauli iliyowekwa, uliza. Mtumishi akitaka mlungula, mpeleke kwa mkubwa wake. Lakini dai mali yako usivunje heshima ya mtu. Hiyo si katika deni unalodai. Na watumishi nao wakumbuke kwamba kibanda na dirisha ni amana, na mzee aliyetoka Msimbati au Mahurunga tangu alfajiri hastahili kujibiwa kwa kidevu.

Wazee wetu wanakumbuka katika enzi za ukoloni mtumishi wa nyumbani, mwanamume mwenye mke na watoto, aliitwa "boi". Neno lile liliwachoma. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watu walitaraji kwamba dharau ile itaondoka pamoja na bendera, na katika miaka iliyofuata tukazoea kuitana "ndugu". Lakini leo mtu humwita mhudumu wa mkahawani kwa kumpigia mluzi au kugonga meza. Neno "boi" limekufa, na mwenendo wake tumeurithi sisi.

Basi tuanze majumbani mwetu. Baba akienda dukani na mwanawe, na amsikizishe salamu kabla ya shida. Mama akifika kwa wakala, na amwite "mwanangu" au "binti yangu", si "wewe". Kijana amwamkie kondakta aliyemzidi umri kama anavyomwamkia mjomba wake. Mstari ukiwa mrefu, asimpite aliyetangulia. Huduma ikiisha, ahsante isikose. Na aliyekosea, kama tulivyokosea sisi, arudi akaombe radhi, na aende na mtoto yule yule aliyemsikia akitukana.

Sisi tulikwenda naye. Njiani tulipokuwa tukirudi, mtoto akatuuliza kama naye aende kwa mwenziwe wa zamu ya maji. Tukamwambia aende.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe ndimi zetu kwa wale wanaotuhudumia, atusamehe yaliyopita, na awafanye watoto wetu waone kwetu yale wanayoyasikia kwetu. Amin.

Wassalaamu alaykum.