Sevo ipewe betri yake

Wadau, juzi nimebishana tena na jamaa wa malori ya rimoti, yale makubwa ya kipimo cha 1/5. Wao wanasema umeme wa risiva na sevo ya usukani utoke humohumo kwenye kidhibiti cha mota, inatosha. Mimi nakataa.

Tairi likikwama kwenye jiwe, sevo kubwa huvuta ampea nyingi ghafla. Kile kisaketi cha volti 6 kikizidiwa, volti zinaporomoka, risiva inazimika na kuwaka upya. Sekunde moja tu! Lakini lori kama X-Maxx lina zaidi ya kilo 8 na linaweza kufika kilometa 80 kwa saa. Kwa sekunde hiyo limeshakwenda mita 22 bila dereva. Na watoto huwa wamesimama wapi? Pembeni hapo hapo.

Kapasita kwenye risiva inasaidia mtikisiko mdogo, basi. Ipe sevo betri yake ya lipo ya seli 2. Kutoka risiva zije waya mbili tu, ya ishara na ya hasi (hasi zisipoungana sevo haielewi amri). Ila betri hiyo ikijaa ni volti 8.4, sevo ya volti 6 utaiunguza, kwa hiyo soma kwanza maandishi yake.

Jamaa wanalalamika gharama. Nikawauliza lori lenyewe walinunua bei gani. Kimya.