Kinyago Nacho ni Hati

Mafunzo ya ukutubi nchini Tanzania, yaani taaluma ya kukusanya, kupanga na kutafuta taarifa kwa ajili ya wanaozihitaji, yamesimama juu ya maandishi: kitabu, jalada la masjala, na mfumo wa Dewey wa mwaka 1876 unaogawa maarifa kwa namba. Mhitimu wa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo anaweza kufanya kazi Mtwara, katika pwani ambako maarifa mengi hayakuwahi kutiwa wino. Huko Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, mvuvi huutazama mwezi akajua lini ni bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kuachwa wazi kwa wachokoa pweza, na lini ni maji mafu.

Mkutubi wa Kifaransa Suzanne Briet aliandika mwaka 1951 kwamba swala wa porini si hati, ila akishatiwa katika bustani ya wanyama na kuchunguzwa, amekuwa hati, kwa kuwa sasa ni ushahidi wa jambo. Hoja hiyo inafaa kufundishwa Mtwara kwa kinyago cha Wamakonde kuliko kwa mhadhara. Mwanafunzi akabidhiwe nguzo ya mpingo ya mtindo wa ujamaa, yenye watu waliobebana tangu chini hadi juu, aizungushe mkononi, auone weupe wa tabaka la mti lililo chini ya ganda ulioachwa pembeni mwa kiini cheusi, kisha aandae metadata, yaani maelezo ya kukitambulisha kitu, ilhali hakuna ukurasa wa jina, na pengine mchongaji hakutia saini. Aanze na mtu yupi? Mada ni ukoo, kazi, au mshikamano? Hapo ndipo atakapotambua kwamba kuainisha ni kufasiri, jambo ambalo jalada la kitabu humficha kwa kumpa majibu tayari.

Wapo wanaopinga kwamba mafunzo ya namna hii hayasahihishiki kwa haki, na pingamizi hilo lina uzito, ingawa maelezo ya mdomo mbele ya mchongaji mwenyewe yanaweza kupimwa vizuri kuliko insha iliyokaririwa. Pingamizi zito zaidi linahusu jando na unyago. Mafunzo yake hutolewa kwa ngoma, nyimbo na vitendo, na aliyechezwa haruhusiwi kuyatoa kwa asiyechezwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia na kinasa sauti bila idhini anavunja siri ya watu kwa jina la elimu. Somo zuri litamfundisha kuishusha kamera na kuandaa kadi ya katalogi inayosema tu kwamba maarifa hayo yapo, ni amana ya kina nani, na idhini huombwa kwa nani.