Visiwa bila watu, bahari yenye mali: Mvutano wa Madagaska na Ufaransa

ANAYEITAZAMA ramani ya Mlangobahari wa Msumbiji anaweza asivione kabisa visiwa vya Juan de Nova, Europa, Glorieuses na miamba ya Bassas da India. Havina kijiji wala soko, na Bassas da India karibu yote humezwa na maji yanapojaa. Penye nchi kavu ya kutosha huishi askari wachache wa Kifaransa kwa zamu. Hata hivyo, Madagaska na Ufaransa zimevigombea kwa zaidi ya nusu karne.

Chimbuko ni amri ya Aprili 1, 1960. Zikiwa zimesalia wiki chache Madagaska ijitawale, Juni 26 mwaka huo, Paris ilivitenga visiwa hivyo na koloni lake na kuviweka chini ya waziri wake wa maeneo ya ng'ambo. Desemba 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 34/91, liliitaka Ufaransa ianze mazungumzo ya kuvirejesha. Azimio la Baraza Kuu halimlazimishi mtu, na Ufaransa haikuondoka.

Kinachogombewa hasa si mchanga. Ukijumlisha na Tromelin, kinachodaiwa na Mauritius, visiwa hivyo havifiki kilometa za mraba 50, lakini vinaipa Ufaransa bahari ya zaidi ya kilometa za mraba 600,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Kenya. Humo mna jodari, na kwa muda mrefu pamekuwa na matarajio ya mafuta na gesi. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema mwamba usioweza kukimu maisha ya watu wala kuwa na uchumi wake wenyewe haustahili ukanda wa maili 200. Kwa kipimo hicho, ni vigumu kuona Bassas da India inampaje mtu yeyote bahari hiyo.

Februari 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza ilikosea kuvitenga visiwa vya Chagos na Mauritius kabla ya uhuru. Kisa kinafanana, ila Chagos ilikuwa na wakazi waliofukuzwa, wakailalamikia dunia. Europa ina kasa.

Oktoba mwaka huo, Rais Emmanuel Macron alikanyaga Glorieuses na kutamka kwamba hapo ni Ufaransa. Mwezi uliofuata tume ya pamoja ilikutana Antananarivo. Kikao cha pili kilifanyika Paris Juni 2025. Hata kama tume hiyo itafikia usimamizi wa pamoja, Antananarivo inajua yaliyoipata Mauritius: mkataba wa namna hiyo kuhusu Tromelin ulitiwa saini mwaka 2010, na Bunge la Ufaransa halikuuridhia.