Tab isikumalizie kila neno

Nimetoka zamu tatu za usiku mfululizo, mvua ya Leeds haikatiki, nikaona leo niwaandikie.

Mdogo wangu anayesoma kompyuta huko Dodoma ndiye aliyenifundisha sheli. Si sheli ya mafuta, jamani! Ni ule ukurasa mweusi wa kuandikia kompyuta amri. Ukibonyeza Tab, inakumalizia neno. Basi nikatengeneza kiprogramu cha kuweka saa zangu za kazi, nikakiita zamu, kisha nikaiandikia bash mstari huu:

complete -W "ongeza onyesha futa" zamu

Raha tupu! Nikiandika "zamu o" na kubonyeza Tab, inafika "on" inasimama, maana maneno mawili yanaanza hivyo. Nikiendelea kubonyeza, inanionyesha yote mawili nichague.

Baadaye nikaongeza amri ya "fungua", ya kuona mwezi uliopita, nikasahau kuitia kwenye orodha. Siku hiyo kwa mazoea nikabonyeza f, Tab, Enter. Neno pekee la f ililolijua ni "futa". Saa za mwezi mzima zikayeyuka!

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mwaka 2017 huko Nashville, Marekani, muuguzi alikuwa akitafuta Versed, dawa ya kumtuliza mgonjwa. Akaandika VE kwenye kabati la dawa la kompyuta. Kabati lilitumia majina ya kitaalamu, na Versed kitaalamu ni midazolam. Iliyokuja ni vecuronium, dawa ya kupooza misuli. Mgonjwa alifariki, na mwaka 2022 muuguzi akatiwa hatiani mahakamani.

Mtasema haraka haraka haina baraka. Kweli kabisa. Lakini aliyepanga orodha naye ana sehemu yake. Tab haijui unachotaka, inajua ulichoiorodheshea tu. Orodha ikipungua neno moja, inakupa lingine bila wasiwasi wowote.

Msimamo wangu ni huu: orodha itimie, ila neno lenye madhara lisiwemo. Mtu aliandike lote kwa mkono wake, apate muda wa kufikiri. Mimi "fungua" nimeiingiza, "futa" nimeitoa. Herufi nne hazimchoshi mtu.

Mdogo wangu, najua utabisha, nakusubiri! Mwambieni mama nitapiga simu Jumapili.