Saa kuukuu ni mali, lakini iko wapi daftari yake?

Ndugu msomaji, ukiingia sokoni leo, iwe Bujumbura, Kigoma au Uvira, utapata saa ya mkono ya betri kwa bei isiyozidi ya kuku mmoja. Saa hiyo itakuonyesha wakati sawasawa, na kwa mwezi mzima itakosea sekunde chache tu. Asiyekuwa na saa anayo simu mfukoni. Kwa nini basi huko Geneva, New York na Hong Kong watu wenye akili zao timamu wanagombania saa zilizotengenezwa miaka 60 au 80 iliyopita, ambazo nyingi ni za kutia ufunguo kila siku na hukosea sekunde kadhaa kutwa, na kuzilipia mamilioni ya fedha?

Swali hili si la matajiri peke yao. Linatuhusu sisi tuliorejea kutoka ukimbizini, na linawahusu ndugu zetu wanaovuka mpaka kila wiki na mizigo yao. Katika mji ninaofundisha wamejitokeza wanunuzi wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama mzee aliacha saa ya zamani. Wakati huo huo, kwenye stendi na karibu na forodha, vijana wanauziwa "Rolex ya mkoloni" ambayo haijafikisha hata mwaka tangu itoke kiwandani. Matokeo yake ni kwamba halisi tunaiuza kwa bei ya bandia, na bandia tunainunua kwa bei ya halisi.

Nionavyo mimi, chanzo cha hasara hii ni kutofahamu kinachouzwa. Wengi wetu tunadhani bei ya saa ya kale iko kwenye dhahabu, au kwenye jina lililoandikwa usoni. La hasha! Sehemu kubwa ya bei iko kwenye habari za saa zinazoweza kuthibitishwa. Wahenga walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hebu tutazame mfano unaotajwa sana. Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, iliuzwa mnadani saa ya Rolex aina ya Daytona iliyokuwa ya mwigizaji wa sinema wa Marekani, Paul Newman. Ilifikia dola 17,752,500. Haikuwa ya dhahabu, ilikuwa ya chuma cha pua. Tena katika miaka ya 1960 saa za uso wa namna ile hazikuwa na wateja wengi, na bei yake dukani haikufika dola 300. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyemnunulia, na nyuma yake akachongesha maneno machache ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, kwa kuwa mumewe alikuwa akishiriki mashindano ya magari. Mwaka 1984 Newman alimpa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Kwa hiyo kila mkono uliyoipokea saa ile unajulikana, maneno yaliyochongwa yanasomeka, na picha za mwenyewe akiwa ameivaa zipo. Saa nyingine ya aina hiyo hiyo isiyo na habari hizo ina thamani kubwa, lakini haikaribii bei ile hata kidogo.

Lakini mifano inayonigusa zaidi mimi niliyekulia uhamishoni ni ya wafalme watatu waliopoteza viti vyao.

Wa kwanza ni Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam. Mwaka 1954, wakati mkutano wa kuamua hatima ya nchi yake ukiendelea Geneva, alinunua katika mji huo Rolex ya dhahabu yenye uso mweusi, vipande vya almasi na dirisha la kuonyesha mwezi. Baadaye aliishi uhamishoni Ufaransa hadi alipofariki mwaka 1997. Saa yake iliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola 200,000, na ilipouzwa tena mwaka 2017 ilivuka dola milioni 5. Kiti cha enzi hakikuvuka bahari pamoja naye, ila saa ilivuka.

Wa pili ni Puyi, mfalme wa mwisho wa China. Mwaka 1945 alikamatwa na majeshi ya Urusi ya Kisovieti, akawekwa kizuizini hadi mwaka 1950. Huko ndiko alikompa mkalimani wake Mrusi saa yake ya Patek Philippe. Saa hiyo ilikuwa na kovu, kwani uso wake ulikuwa umekwanguliwa, inasemekana kwa amri ya Puyi mwenyewe aliyetaka kujua imetengenezwa kwa madini gani. Kabla ya kuuzwa Hong Kong mwezi Mei 2023, watafiti walitumia miaka kadhaa kuhakikisha kwamba kweli ilikuwa yake. Hakuna aliyeupaka rangi uso ule ili upendeze. Iliuzwa na makovu yake kwa zaidi ya dola milioni 6.

Wa tatu ni wa kwetu Afrika, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Huyu alijua ukimbizi na alijua kurejea, maana aliondoka nchini mwake mwaka 1936 mbele ya majeshi ya Italia, akaishi Uingereza, na mwezi Mei 1941 akaingia tena Addis Ababa. Aliondolewa madarakani mwaka 1974. Mwaka 2015 saa yake ya dhahabu ya Patek Philippe ilikuwa inakaribia kupigwa mnada Geneva, lakini ikaondolewa kwa sababu kulizuka mgogoro kuhusu mwenye haki nayo. Iliuzwa miaka miwili baadaye, mwaka 2017, kwa karibu faranga milioni 2.9 za Uswisi. Tuzingatie hapo: saa ilikuwa halisi, sifa ilikuwa nayo, wanunuzi walikuwepo, lakini swali moja la "ni mali ya nani?" lilitosha kusimamisha mnada.

Swali hilo sisi tunalijua. Wangapi kati yetu tuliporejea tuliulizwa tuna karatasi gani ya kuonyesha kwamba shamba lile lilikuwa la baba? Wangapi tulikuwa na maneno tu ya bibi, mti wa mpaka uliokwisha kukatwa, na jirani aliyekwisha kufa? Mtu aliyepitia hayo hahitaji kwenda Geneva kufundishwa thamani ya ushahidi.

Iko sababu nyingine ya saa hizi kupendwa, nayo ni kwamba zinatengenezeka. Mwezi Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na fuwele na kutumia betri. Saa za namna hiyo zilipoenea na kushuka bei, viwanda vya Uswisi viliyumba vibaya. Wafanyakazi waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970 walibaki kama theluthi moja tu katikati ya miaka ya 1980. Watu waliziweka kando saa za ufunguo wakaona zimepitwa na wakati. Lakini ndani ya saa hizo mna springi, magurudumu ya meno na gurudumu dogo linalocheza huku na huku, ambalo katika nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa. Kila kipande fundi anaweza kukitoa, akakisafisha, akakitia mafuta na kukirudisha. Saa ya bei rahisi ya siku hizi ikifa tunaitupa. Saa ya ufunguo ikisimama tunampelekea fundi. Kifaa kinachoweza kutengenezwa ndicho kinachorithiwa, na nadhani hapo ndipo mapenzi yenyewe yanapoanzia.

Katika makazi ya wakimbizi nilikosoma, upande wa Tanzania, kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na saa iliyoiongoza ilikuwa moja tu, ya mwalimu mkuu. Alikuwa akiitia ufunguo mbele yetu kila asubuhi. Kwa saa ile tulijifunza kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi husema saa moja, na tukazoea kusoma tarakimu moja na kutamka nyingine bila kukosea. Sijui ilikuwa ya kiwanda gani, na bila shaka haikuwa ya mamilioni. Lakini mamia ya watoto waliingia na kutoka darasani kwa saa ile, na leo wengine ni wauguzi, madereva na walimu pande zote mbili za mpaka.

Ndiyo maana niliumia niliposikia habari za mama mmoja mjane, jirani wa rafiki yangu, aliyeuza saa ya marehemu mumewe kwa bei ya debe la maharage. Mnunuzi hakumwambia ni saa gani, na yeye hakuuliza. Pengine ilikuwa ya kawaida na bei ile ilitosha. Pengine haikuwa ya kawaida. Ubaya wenyewe ndio huo, kwamba hakuna atakayejua, na watoto wake hawana hata picha yake.

Wako watakaosema, "Mwalimu, watu wana njaa na ada za shule, wewe unatuletea habari za saa za wafalme?" Hoja hiyo ina uzito, nami simwambii mtu anunue saa ya kale. Tena namwonya mfanyabiashara asiweke mtaji wake humo akidhani bei hupanda tu. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2022 bei za saa za fahari zilipanda mno, kisha zikashuka, na walionunua kileleni walibaki wameshika vichwa. Namwambia aliye nayo asiitoe kabla hajaijua. Na tuambiane ukweli: saa nyingi walizovaa makarani, wachungaji na madereva wa zamani, kama vile Seiko 5, Oris au Tissot, huko mnadani si za mamilioni. Hata hivyo mwenye mali anastahili kujua anachouza.

Kwa ndugu zangu tuliorejea, ushauri wangu ni huu. Kwanza, usiing'arishe saa ya mzee wala usiupake rangi uso wake, kwa sababu wakusanyaji hupenda saa ambayo haijaguswa, na kila kikwaruzo unachofuta unafuta sehemu ya bei. Pili, mwombe fundi saa mwaminifu aifungue mbele yako, mwandike namba zilizo ndani na nje. Tatu, tahadhari: saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zenye mishale inayong'aa gizani zilipakwa radiamu, sumu ambayo nguvu yake hudumu zaidi ya miaka elfu moja, hivyo fundi asikwangue unga ule wala mtoto asiuchezee. Nne, chukua daftari uandike nani aliinunua, wapi, mwaka gani, na nani aliivaa baadaye. Ubandike picha ya mzee akiwa ameivaa, kama ipo. Wazee wawili wa ukoo waweke sahihi. Ukiamua kuuza, andikianeni, ili kesho shemeji au mjukuu asije na swali lililosimamisha mnada wa Geneva.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, msidanganywe na jina wala uzito. Ukiona mshale wa sekunde unaruka mara moja kwa kila sekunde katika kitu unachoambiwa ni saa ya kale ya ufunguo, hiyo ina betri, achana nayo. Lakini bandia nzuri zina mashine ya springi pia, kwa hiyo alama hiyo peke yake haitoshi. Dai kuiona ikifunguliwa, uliza imetoka kwa nani, na muuzaji akikosa jibu weka fedha yako mfukoni. Kampuni kama Patek Philippe hutunza kumbukumbu za saa zake na huweza kutoa hati inayotaja tarehe ya kutengenezwa na ya kuuzwa. Asiye na hati wala historia anakuuzia bahati nasibu. Na ukipata iliyo halali, itaje forodhani na upewe stakabadhi, kwa kuwa hata karatasi hiyo ni sehemu ya daftari.

Nawaomba pia walimu wenzangu jambo dogo ambalo halina gharama. Katika zoezi la insha, mwambieni kila mwanafunzi achague kifaa kimoja nyumbani kilichovuka mpaka pamoja na familia, iwe saa, cherehani, redio au jembe, aulize wazee, kisha aandike habari zake kwa majina na miaka. Wazee wanaojua habari hizo wanapungua kila mwaka, na wakishaondoka hakuna mtafiti wa mnada atakayekuja kutuandikia.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari nchini Burundi. Alisoma Tanzania akiwa mkimbizi.