Nyumba yenye nafasi ya watoto, Dominika yenye nafasi ya familia



Misa ya pili ikiisha, waamini hawaondoki mara moja. Akina mama wanawasubiri watoto wa Utoto Mtakatifu watoke, akina baba wanasimama kivulini, na maongezi yanaanza. Katika parokia nyingi za Dar es Salaam mada mbili hazikosi. Ya kwanza ni nyumba: nani anahama, wapi kuna chumba na sebule, dalali gani ana afadhali. Ya pili ni matembezi: tuliwapeleka watoto kuangalia filamu ya katuni Mlimani City, gharama zimepanda, mdogo alilala kabla ya katikati. Mseminari aliyeko kwenye mazoezi ya kichungaji anasalimia na kuendelea na safari yake. Kwake hayo ni maongezi ya kupitisha muda tu.

Sisi tunaona asingepita. Nyumba na matembezi ni haja moja: familia inatafuta mahali pa kuwa pamoja, na muda wa kuwa pamoja. Na katika yote mawili ni sisi Wakatoliki, tena wale wa kanisani kila siku, ambao mara nyingine tunaifungia mlango.

Tuanze na nyumba. Seminarini mtu anafika na begi lake, anaonyeshwa kitanda, basi. Ndiyo maana wengi wetu tunaojiandaa kuhubiri juu ya familia hatujui kazi ya kutafuta pa kupanga ilivyo. Baba anapewa namba ya dalali. Dalali anataka kwanza hela ya kuonyesha, iwe nyumba imempendeza mteja au la. Wanazunguka: hii choo cha nje, hii maji ya kununua kwa ndoo, hii LUKU moja kwa wapangaji sita na ugomvi kila mwisho wa mwezi. Ikipatikana inayofaa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Tuseme kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kabla familia hiyo haijalaza kichwa, inatakiwa kuwa na 900,000 za mwenye nyumba na 150,000 za dalali, bado kirikuu cha kuhamisha vyombo. Kwa fundi, mama lishe au mwalimu wa shule ya chekechea, hiyo ni fedha ya kukopa.

Lakini kuna swali linalouma kuliko fedha. Mwenye nyumba anauliza: "Mna watoto wangapi?" Jibu likiwa wanne, anatikisa kichwa. Watoto mwisho wawili. Wengine hawataki hata mmoja. Wanataka mtu asiye na familia, anayetoka asubuhi na kurudi usiku. Tunawajua wazazi waliokwenda kuangalia nyumba na mtoto mmoja tu, wengine wakaachwa kwa bibi yao, na siku ya kuhamia wakaingizwa usiku kama vitu vya magendo. Mtoto aliyebatizwa, mwenye jina la mtakatifu, anafundishwa kunyamaza ndani ya nyumba ya baba na mama yake ili asisikike.

Sasa mwenye nyumba huyo ni nani? Mara nyingi ni muumini mwenzetu. Jumamosi asubuhi yuko kwenye jumuiya, pengine ndiye mwenyekiti. Siku ya ndoa za parokia anapiga makofi bwana na bibi arusi wanapoahidi kuwapokea watoto ambao Mungu atawajalia. Wiki mbili baadaye maarusi hao hao wanabisha hodi kwake, na masharti yake ni watoto mwisho wawili. Mahubiri juu ya uhai tunayatoa sisi, na kizuizi kwenye lango ni chetu pia. Kila Desemba tunamsikitikia Yosefu aliyekosa nafasi Bethlehemu, na hatuna shida naye kwa kuwa hakuja kupanga kwetu.

Tusiwaonee wenye nyumba. Wengi si matajiri. Ni wajane na wastaafu waliojenga kwa matofali machache kila mwaka, na kodi ya vyumba vitatu ndiyo pensheni yao. Watoto wanachora kuta kweli. Maji yanaisha haraka, shimo la choo linajaa kabla ya wakati. Hasara hizo ni za kweli na lazima mtu azilipe. Ila zina dawa nyingine kuliko kuwakataa watoto: mkataba wa maandishi unaosema maji yanalipwa kwa idadi ya watu, nani anapaka rangi familia ikihama, nani anaita gari la kunyonya choo. Mpangaji mwenye watoto wanne atalipa kidogo zaidi ya maji bila kinyongo. Kinachomshinda kulipa ni kupunguza watoto.

Mafundisho ya Kanisa hapa hayana maficho. Hati ya Haki za Familia iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, katika kifungu chake cha 11, inataja haki ya familia kupata makazi ya heshima, yanayofaa maisha ya kifamilia na yanayolingana na idadi ya watu wake. Papa Fransisko alirudia jambo hilo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia, namba 44, akieleza pia kwamba ukosefu wa nyumba unawafanya vijana wachelewe kufunga ndoa. Tunapowauliza vijana wa VIWAWA mbona hawafungi ndoa, tunataja tamaa, tunataja mitandao, tunataja mahari. Ni vizuri tuwaulize pia kodi.

Familia iliyokataliwa karibu inakwenda mbali. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wao wanaenda pembezoni: Chanika, Kivule, Chamazi, Bunju, au wanavuka mpaka hadi Kibaha. Huko kodi ni nafuu na mwenye nyumba hana maswali mengi. Baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, anapanda bodaboda, kisha daladala, kisha mwendokasi. Anarudi saa tatu usiku watoto wamelala. Mama, kama naye ana biashara Kariakoo, ni hivyo hivyo. Mtoto anamfahamu dada wa kazi kuliko mzazi. Kwenye karatasi familia hiyo imeokoa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yetu imelipa kodi kubwa kuliko ya Sinza, ila imelipa kwa saa badala ya shilingi. Wanandoa wanaotuuliza ushauri tunawaambia: mnapopima nyumba mbili, hesabuni pia baba atakula chakula cha jioni na watoto mara ngapi kwa wiki. Chumba kidogo cha karibu kinaweza kuwa nyumba kubwa.

Hapa ndipo filamu inapoingia. Familia ya namna hiyo ina siku moja tu ya kuonana macho wazi, nayo ni Dominika. Ikitoka Misa ikapanda daladala kwenda kuangalia filamu, watu watano, bisi mfuko mmoja wa kugawana, wapo wanaowanyooshea kidole. Ofisi ya jumuiya inasema wamepotea, kikao hawakuja. Wengine wanasema ni ulimbukeni na anasa, fedha hiyo ingesaidia ujenzi wa kigango.

Tunaomba wawaache. Kwenda kutazama filamu kama familia si mtindo mpya ulioletwa na maduka makubwa. Wazee wa jiji hili wanaikumbuka Empire, wanaikumbuka Avalon na Empress, na zaidi ya zote Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Watu walikwenda na mikeka na vyakula vyao, baba, mama, watoto na jirani. Uwanja ule leo ni ubalozi wa Marekani. Baadaye ukaja mkanda wa video na kibanda umiza, na pale mama na binti hawakuwa na nafasi. Palikuwa mahali pa wanaume na wavulana, pamejaa jasho na moshi wa sigara. Siku hizi kibanda kimehamia mkononi. Baba ana simu yake, mama yake, kijana ana spika masikioni, na sebule ina watu watano wanaoangalia vitu vitano. Ukilinganisha na hilo, familia iliyokaa safu moja gizani ikacheka mahali pamoja imefanya jambo la maana. Kuanzia hapo watakuwa na la kuzungumza kwenye foleni ya Ubungo.

Kanisa nalo halikuwahi kukataa burudani hii. Papa Pius XI aliandika waraka Vigilanti Cura tarehe 29 Juni 1936, na sehemu kubwa ya waraka huo ni onyo kali juu ya filamu chafu. Lakini humo humo anakubali kwamba watu waliochoshwa na kazi wanahitaji kitu cha kupumzisha akili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, inapotaja wajibu wa Dominika haiishii kwenye Misa. Inataja pia furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili. Kwa maana hiyo parokia inayompangia mama mmoja Misa, kikao cha WAWATA, mazoezi ya kwaya, kamati ya ujenzi na harambee ndani ya Dominika moja inapaswa kujiuliza yenyewe kama inaitunza siku hiyo.

Kuhusu filamu mbaya, zipo, na nyingi. Mzazi aiulizie kwanza au aitazame kabla ya watoto. Jina la katuni halitoshi kuwa cheti. Hilo ni jukumu la kawaida la malezi, kama kuonja chakula kabla ya kumlisha mtoto. Hatuoni haja ya kulirefusha.

Tunachokiomba ni hiki. Mwenye nyumba Mkatoliki aondoe sharti la idadi ya watoto, akubali kodi ya miezi mitatu kwa familia anayoijua kutoka jumuiyani, na aandike mkataba unaomlinda. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, zitangaze vyumba vilivyo wazi kama zinavyotangaza misiba. Jumuiya inaijua kila nyumba ya mtaa kuliko dalali yeyote, na haidai hela ya kuonyesha. Maparoko waache alasiri ya Dominika moja kila mwezi bila kikao chochote, hata cha ujenzi. Nanyi waseminari wenzetu, likizo ijayo, mkifika parokiani, ombeni ruhusa mzunguke na familia moja siku nzima inapotafuta nyumba. Mtarudi na miguu inayouma na hoja nyingi za kuandika.

Kuna jambo moja zaidi, dogo na rahisi. Parokia nyingi zina ukumbi, na nyingi zina projekta iliyonunuliwa kwa ajili ya semina, inayolala kabatini wiki kwa wiki. Familia ambazo hazina nauli ya kwenda mjini zingeweza kuja Jumamosi jioni moja kila mwezi na mikeka yao. Kwa kuanzia tunapendekeza It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Iliongozwa na Frank Capra, Mkatoliki aliyezaliwa Sicily, nayo imo kwenye orodha ya filamu 45 ambazo Vatikani ilizitaja mwaka 1995 sinema ilipotimiza miaka 100. Mhusika mkuu, George Bailey, anaendesha chama kidogo cha kuweka na kukopa, akishindana na tajiri anayewapangisha maskini mabanda. Kuna mahali familia ya Martini inahamia nyumba yake ya kwanza, watoto wamejazana garini pamoja na mbuzi, na George na mkewe wanawapokea mlangoni kwa mkate, chumvi na divai. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo atafutwe kijana wa VIWAWA mwenye sauti nzuri wa kutafsiri papo hapo, kama walivyofanya watafsiri wa vibandani. Watoto watamcheka yule mbuzi. Wenye nyumba wakae mbele, waone vizuri.