Pambo Lisilodai Mtungi wa Maji



Sisi watu wa Pwani tumelelewa na maua ya siku moja. Asumini huchumwa jioni, ikatungwa kikuba, na kufikia asubuhi imekwisha kunyauka. Hatuilaumu, kwani kazi yake ni harufu, nayo huitimiza. Lakini jamaa zetu waliohamia bara, kama walioko Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, wamekuta ardhi yenye tabia nyingine. Mvua huko huja misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Disemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Baina yake ni miezi ya ukame ambayo mama huhesabu mitungi. Kuyamwagilia maua maji anayoyahitaji mtoto ni israfu. Je, nyumba ikose pambo? La, hasha.

Mwenyezi Mungu ameijaalia nchi kavu mimea iwekayo akiba ya maji katika majani na mashina yake. Upo mshubiri, ambao ndimi zetu zaujua kwa uchungu tu, ilhali majani yake yamejipanga kama miale ya nyota. Upo na mkonge mwitu, ambao nyuzi zake zimesokotwa kamba tangu zama za kale. Bustanini huuzwa pia aina ndogo zenye asili ya Meksiko, zilizojikunja mfano wa waridi.

Namna ya kutengeneza si ngumu. Kata kichwa cha mmea pamoja na kijishina kifupi, kisha ukiache kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke. Kikitiwa maji kikiwa kibichi, kitaoza. Kikishakauka, kifunge kwa waya kwenye kijiti, ukipange pamoja na nyasi zilizokauka katika kikapu au bakuli, bila tone la maji. Pambo hilo litakaa wiki kadhaa. Arusi ikipita, fungua waya, upande kila kichwa katika chungu chenye tundu chini, kwa mchanga mwingi na kokoto. Mwagilia pale tu udongo ukaukapo kabisa. Kwa mkonge mwitu, hata kipande cha jani huota mizizi, ilimradi upande wa chini ubaki chini. Mshubiri hauoti kwa jani. Chukua chipukizi lililozaliwa ubavuni mwa mama yake.

Hapa tunawausia akina mama mambo mawili. La kwanza ni watoto. Mnyaa hupendeza machoni, lakini utomvu wake mweupe huunguza jicho na waweza kupofusha. Na ule mti mfupi wa shina nene na maua ya rangi ya waridi, uitwao waridi la jangwani, una sumu ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka mishaleni. Hiyo miwili isiwekwe mahali mtoto afikapo, na anayeikata anawe mikono.

La pili ni amana ya ardhi. Mwaka 1986 ilitolewa amri ya Rais ya kuzuia uvunaji wa mishubiri ya mwituni nchini Kenya, na mwaka 2007 zikaja kanuni za kuusimamia. Mmea uliostahimili ukame miaka mingi hung'olewa kwa dakika moja, na kilima hubaki uchi. Basi usiutume mkono wa mtoto wala wa kibarua kwenda kung'oa porini. Omba chipukizi kwa jirani, au nunua kwa mwenye kitalu, kisha uzidishe mwenyewe nyumbani.

Ndiyo maana twalipenda pambo hili. Jirani aliyekupa chipukizi moja, baada ya mwaka waweza kumrudishia matatu. Na bibi arusi aweza kuondoka na pambo la siku yake likiwa hai, akalipanda mlangoni pa nyumba yake mpya.

Wabillahi tawfiq.